Swali Ambalo Hakuna Aliyeliona

Zulaika, bado niko mezani Jinja, na programu imeganda mbele yangu. Leo usingoje majina ya wagonjwa huko Mbale. Hayafiki.

Unajua programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java, yenyewe haihamishi majina. Inaamsha skripti, yaani faili fupi la amri, ya Afande Gaster, polisi mstaafu wa ofisini kwetu, na hiyo ndiyo inayohamisha.

Basi nikaianzisha mbele ya meneja, Bwana Conrad. Hakuna jina lililosogea. Akakohoa. Bado hakuna!

"Gaster, skripti yako imekufa?"

"Haijafa, bwana. Jana nimeiendesha mwenyewe."

"Jana! Mimi nataka leo. Kesho usije."

Kesho usije! Mbele ya watu wote, Zulaika. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Nikaifungua skripti, mstari kwa mstari. Unamjua Gaster na upolisi wake: hafanyi jambo bila kuomba ruhusa. Mwanzoni kabisa skripti inauliza: "Nifute majina ya zamani? Ndiyo au hapana?" Akiiendesha mwenyewe, swali linatokea kwenye skrini, anajibu. Ikiamshwa na programu yangu, swali linaishia ndani ya programu, na mimi sikuipa njia ya kulionyesha wala kulijibu.

Skripti haikufa. Iliuliza kwa adabu, ikangoja jibu langu.

Nimempigia Conrad, hapokei. Nakaa, nainuka, nakaa tena. Kurekebisha sijaanza.

Kesho naanzia mtaa wa Mpumudde, mlangoni kwa Gaster, nimrudishe ofisini nikiwa naye bega kwa bega. Programu itangoja.