Kwa Yaya Aliyejiita Yatima

Yaya wangu,

Namba yako ya zamani haipatikani, na mpya hukutuachia, kwa hiyo nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, nikitumaini kwamba miongoni mwao utakuwamo. Usiogope. Jina unalolitumia sasa sitaliandika, wala la duka unalofanyia kazi, wala la huyo anayetaka kukuoa. Kwetu Bukavu dada mkubwa huitwa yaya, kama baba anavyoitwa papa, na mimi sijawahi kuwa na jina lingine la kukuitia.

Mwalimu wetu wa fasihi ametupa kazi ya kuandika juu ya vinyago na nyuso zilizoharibika katika hadithi za Kijapani. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye kile kitabu ulichonunua kwa mzee anayepanga vitabu vyake kando ya njia, mtaani Yeoville, kile kisicho na jalada. Unakumbuka tulivyokisoma? Mimi nimekaa chini kati ya magoti yako, wewe unanisuka, kitabu kiko mapajani mwangu. Nikifika kwenye neno gumu nilinyamaza, nawe ulinivuta nywele.

"Endelea, weye! Kichwa bado nusu."

Hadithi uliyonisomesha mara nyingi kuliko zote ni ile ya mke wa mfinyanzi. Tanuru la vyungu lilimuunguza uso, mumewe akamwacha, naye akaenda kwa mchonga vinyago akachongewa uso wa mti, mwembamba kama ganda la yai. Alihamia mji mwingine akiwa na uso huo. Watu walimpenda, akafungua nyumba ya chai. Baada ya miaka mingi alipita kijijini kwao, akaingia kwa mama yake mzazi na kuomba maji ya kunywa. Mama akamkaribisha kwa heshima zote, akampa chai katika kikombe cha wageni. Hadithi inaishia hapo, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

"Mama yake alimjua," nilisema.

"Hakumjua. Angemjua angempa kikombe chake mwenyewe, kile alichokuwa anakunywea utotoni."

"Alimjua, Yaya. Ndiyo maana akampa cha wageni. Hakutaka kumwaibisha."

"Eish, huyu mtoto! Nani alikufundisha kubishana na mtu ameshika kichwa chako?"

Tulicheka, kisha ukagusa shavu lako la kushoto. Wewe hukujua kwamba ulikuwa unaligusa, lakini mimi nilikuona kwenye kioo. Jiko la mafuta ya taa lilipolipuka mle chumbani tulimokuwa tunapanga, mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki moto. Nakumbuka tu kwamba kwa muda mrefu ulilala ukielekea ukutani, na Papa akaondoa kioo bafuni bila kuambiwa na mtu. Mama alikuwa ameshafariki kabla hatujaja huku. Uliniambia, "Mama hauna, lakini yaya uko naye," na hata ukiwa na bandeji ulinichania nywele kabla sijaenda shule.

Uliniambia pia maneno ambayo sikuyaelewa wakati ule. Ulisema una alama mbili, moja ya moto na nyingine ya mdomo. Ya moto ukiifunika, bado ukifungua mdomo watu wanajua umetoka wapi. Nikakuona unazifanyia kazi zote mbili. Ulijifunza poda na rangi saluni, ukizijaribu kwanza kwenye kovu lako hadi likawa kama ngozi nyingine. Na Kizulu ulikisoma kwa redio, unasema pamoja na mtangazaji huku unakwaruza ugali sufuriani. Zile wiki za vurugu dhidi ya wageni za 2015, maduka ya watu wetu yalipofungwa, dereva wa teksi alituuliza sisi ni wa wapi. Ulimjibu kwa ajili yetu sote wawili, tena ukamtania mpaka akacheka. Nilikushika mkono nikaona fahari. Nilidhani uso ule umeuvaa kwa ajili yetu.

Halafu ukahama. Ulisema ni kwa ajili ya kuwa karibu na kazi. Picha zako zote uliondoka nazo, hata ile ya ubatizo ambayo na mimi nimo. Ulipiga simu kila Jumapili, kisha mara mojamoja, kisha basi.

Sasa nitakueleza jambo usilolijua.

Papa anafanya kazi ya ulinzi na mzee mmoja Mzulu. Nitamwita Baba Mkhize, ingawa si jina lake. Ni mtu mwema sana. Jumapili moja alikuja kwetu, mtaani Observatory, kunywa chai, amefurahi, anapiga mapaja yake. Alisema kanisani kwao kuna binti yatima, mtu wa kwao kabisa, hana baba wala mjomba, na wakwe wanakuja kumposa. Mama mmoja wa kanisa ametoa nyumba yake ya Alexandra, na yeye Baba Mkhize ameombwa akae kama mjomba ili binti asidharauliwe.

"Rafiki yangu, nimekuwa mjomba bila kupata dada!" alisema, na Papa akacheka naye.

Akatoa simu kutuonyesha picha ya huyo binti.

Shavu lilikuwa laini, Yaya. Ulikuwa umefanya kazi nzuri sana. Nilisimama nyuma ya kiti cha Papa nikaona kisogo chake hakitikisiki. Aliishika ile simu kwa mikono miwili, kama anavyopokea sakramenti.

"Msichana mzuri," alisema Papa.

"Mzuri, eh? Na adabu!"

"Ndiyo. Inaonekana alilelewa vizuri."

"Na nani sasa, maskini, hana watu," alisema Baba Mkhize, akaomba sukari.

Papa akamletea sukari.

Mzee alipoondoka nilimuuliza Papa kwa nini hakusema. Alikuwa anaosha vikombe. Alisema, "Nikisema, ndoa inavunjika. Na Mkhize anaaibika mbele ya watu wake. Acha." Nilitaka akasirike. Nilitaka avunje hata kikombe kimoja.

Kwa hiyo nikaja mwenyewe; duka lako Baba Mkhize alikuwa amelitaja. Nilikuja na sare ya shule, nikapanda ngazi zote za umeme za lile jengo la Sandton hadi kwenye kaunta yako ya vipodozi. Uliniona kabla sijafika. Nilijua, kwa sababu brashi ilisimama hewani. Kisha ukatabasamu tabasamu la dukani.

"Sawubona, sisi. Nikusaidie nini?"

Ulinisalimu kwa Kizulu, ukaniita sisi, yaani dada, kama wanavyomwita msichana yeyote. Ukanikalisha kwenye kile kiti kirefu na kuanza kunipaka, kama mteja aliyekuja kujaribu rangi. Vidole vyako vilikuwa vilevile. Ulinigeuza kidevu kama ulivyokuwa unanigeuza ukitafuta njia ya nywele. Mwenzako wa kaunta ya pili akatutazama, akasema, "Haibo, mnafanana! Ni mdogo wako huyu?"

Ukacheka. "Huyu? Sina mdogo mimi."

Hukunong'ona, Yaya. Hukusita. Ulisema ukiwa na shavu langu mkononi.

Nilishuka ngazi zile nikiwa na upande mmoja wa uso uliopakwa na mwingine wangu. Ndani ya teksi mama mmoja alinipa karatasi ya kujifutia, akidhani nalia kwa sababu ya mvulana.

Nimeandika kazi yangu ya shule. Wengine wameandika kwamba katika hadithi hizo anayevaa kinyago hupotea polepole, mwisho asijue yeye ni nani. Huenda ni kweli, lakini wewe sidhani umepotea. Nadhani unajua vizuri sana u nani, na ndiyo maana uliweza kucheka upesi vile. Mimi niliandika juu ya mama wa mke wa mfinyanzi. Hakuna anayeuliza yeye ilimbidi avae nini usoni wakati anamimina ile chai. Mwalimu aliniita mbele ya dawati lake, akaniuliza nimeyatoa wapi hayo. Nikamwambia tulibishana sana nyumbani juu ya hadithi hiyo.

Jumamosi ya posa Papa hakwenda kazini. Aliamka akanyoa ndevu, akavaa suti yake ya kahawia, ile aliyokuwa akifundishia Bukavu, akafunga tai. Nilidhani anakwenda Alexandra, na nikaogopa, na nikafurahi. Lakini hakutoka mlangoni. Aliingia chumbani kwake akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Papa, unafanya nini?"

"Mkhize alinieleza desturi yao," alisema. "Baba wa binti haketi na wajumbe. Wajomba ndio wanaongea. Baba anakaa chumba cha ndani, anasubiri. Wakishakubaliana ndiyo anaitwa."

Nikakaa karibu naye. Tulisikia watoto wa jirani wanacheza mpira, gari la kuuza viazi likapita. Niliwasha jiko nikapika, hakula, alisema suti itachafuka. Mchana Baba Mkhize alipiga simu kwa furaha kusema kila kitu kimekwenda vizuri, wakwe ni watu wa heshima, binti amelia kidogo kama inavyotakiwa. Papa alimshukuru kwa jina la ukoo wake, mara mbili, kama wanavyofanya wao. Alipokata simu hakuvua tai. Alibaki ameketi palepale.

Nimekukasirikia, na sijamaliza. Sijui nitamaliza lini. Lakini harusi bado, na Baba Mkhize ni mtu anayeweza kuambiwa jambo gumu akalibeba. Ukiogopa kuanza na mchumba wako, anza na yeye. Sikuombi uoshe uso wako, na Kizulu chako sikutaki ukiache, ni kizuri, na umekipata kwa jasho. Kwangu mimi unaweza kuchelewa, nina umri wa kusubiri.

Namba ya Papa haijabadilika. Suti ameitundika nyuma ya mlango, hakuirudisha sandukuni. Mwite.

Mimi,
mdogo wako, uliye naye