Wimbo Wetu Mmoja Nililitungia Gari, Mke Wangu Anajua Ni Wake

Mshauri, shikamoo kama umri wako unaruhusu, naomba msaada kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu baada ya hapo sijui kama utakuwa na mtu wa kumsaidia.

Mimi ni fundi vioo, mchana nakata na kupachika vioo vya madirisha, jioni naimba kwenye bendi ya watu wanne, tunapiga bluzi iliyochanganywa na roki, yaani magitaa yanalia na mimi nalia juu yake, na baada ya miaka kumi na miwili ya kumbi zenye viti vya plastiki ndiyo kwanza tumerekodi albamu, nyimbo kumi, tisa kati ya hizo ni za wasanii wengine, tumeomba ruhusa tukazipiga kwa namna yetu, maana ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejua kutunga, lakini mwenye studio akasema albamu ya kwanza isiyo na wimbo wa kwenu hata mmoja ni aibu, nendeni mkatunge, na wenzangu wote wakanigeukia mimi.

Nikatunga nikiwa nimekaa ndani ya gari letu la kubebea vyombo, lilikuwa limezima mbele ya studio, gari kuukuu ambalo tangu tulinunue tunaliita Bi Mkubwa, na kwa kuwa sikuwa na kingine kichwani nikaliimba lenyewe, nikasema Bi Mkubwa unakohoa asubuhi nakusubiri upate joto, nikasema mlango wako mmoja haufungi lakini sitakubadilisha, nikasema nakusukuma mpaka mteremkoni na ukiwaka nami nawaka, wenzangu wakacheka mpaka mpiga gitaa akakaa chini, tukaurekodi siku hiyohiyo.

Sasa mke wangu ni muuguzi, mtu mkimya, na kwa miaka mingi amekuwa akiniambia, "Mume wangu, unaimba mapenzi ya watu kila wiki, sisi utatuimba lini?" na mimi namjibu subiri kidogo. Jumapili baada ya chakula nikamwekea albamu kwenye simu, akasikiliza zote tisa huku anakunja nguo, ulipofika ule wa kumi akaacha kukunja, akainamisha kichwa, machozi yanamtoka, akasema ile mistari ya kukohoa ni kile kipindi alichougua kifua wiki tatu, na mshauri, wiki hizo tatu mimi nilikuwa kwenye mazoezi, akasema kumsukuma mpaka mteremkoni ni vile nilivyomhimiza arudi chuoni, na mlango usiofunga akacheka katikati ya machozi akasema, "Huo ni mdomo wangu nikikasirika, nakubali." Nikafungua kinywa nimwambie ukweli, lakini alikuwa ameshasimama kwenda kuchukua mkoba wake, akatoa karatasi, ilikuwa fomu ya uhamisho kwenda hospitali ya mji mwingine anakoishi dada yake, imejazwa yote, akaichana vipande vinne mbele yangu akasema, "Nilidhani hunioni."

Nikafunga kinywa. Tangu hapo nyumbani ni asali, mama mkwe amenipigia simu kuniambia amenisamehe yote ya nyuma, na sijui ni yapi. Lakini Jumamosi ni uzinduzi, na mpiga ngoma wetu, ambaye mchana ana bucha na jioni hana breki ya mdomo, amesema atasimama awasimulie watu jinsi wimbo ulivyotungwa, na gari lenyewe ataliegesha mlangoni limefungwa utepe. Nikamwomba aache, akaniuliza kwa nini, sikuweza kusema. Mke wangu atakaa mstari wa mbele na mama yake. Je, ninyamaze nimwombe Mungu, au niliuze gari kabla ya Jumamosi?

Ni mimi, Mwimbaji wa Nyimbo za Watu.

JIBU

Ndugu Mwimbaji, marahaba, umri unaruhusu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejikaza nisicheke, na nilipofika kwenye fomu sikuhitaji tena kujikaza. Wewe unaniuliza habari za gari. Mimi nakuuliza habari za fomu. Fomu ya uhamisho haijazwi kwa siku moja. Inataka picha, inataka muhuri, inataka saini ya mkuu wa kitengo. Mkeo alikwenda kupiga picha, akafuatilia muhuri, akatembea na hiyo karatasi mkobani, akarudi akakupakulia chakula, na wewe hukuona kitu. Gari likikohoa ulisikia ukatunga ubeti. Yeye alikohoa wiki tatu ukaenda mazoezini.

Nakuonea huruma, maana hukukusudia kumdanganya, na mtu akilia kwa furaha mbele yako ulimi unakuwa mzito. Lakini huo ulikuwa uzito wa Jumapili. Kuanzia Jumatatu ni uongo, na unaula kila siku kama asali.

Mwambie kabla ya Jumamosi, wewe mwenyewe, mchana, mkiwa wawili. Usianze kwa kucheka na usiseme ulikuwa utani. Sema: wimbo ule nililitungia gari, na uliposema sikuoni nikaona aibu, kwa sababu ni kweli. Kisha nyamaza, umpe nafasi. Akitaka kuchukua fomu nyingine, usimfiche kalamu. Halafu nenda buchani ukamweleze rafiki yako sababu, naye atafunga mdomo, watu wa namna hiyo wanahitaji tu kuambiwa. Gari usiuze, halijakosa chochote. Na anza kutunga wimbo wa mkeo, hata ukikuchukua mwaka.

Mshauri wako.

Nyongeza: Nilimtumia majibu haya kabla hayajachapishwa, na Ijumaa akaniandikia hivi:

"Nilimwambia jana akipiga pasi sare yake ya kazi. Alimaliza kwanza kola. Akaniagiza nimwandikie mistari yote ya wimbo, akachukua kalamu akaigawa: hii ya gari, hii ya gari, hii ya kukohoa naichukua mimi, nimeilipia. Hakulala chumbani kwetu, alilala na binti yetu. Asubuhi akaniambia uzinduzi atakuja, fomu bado anafikiria, na akaniuliza wimbo wake umefika wapi. Nikamwonyesha mstari niliouandika alfajiri. Akausoma akanirudishia, akasema, 'Toa neno injini.' Nimelitoa. Yamebaki maneno mawili, na yote mawili ni jina lake."