Kofia Niliyokwenda Nayo Msibani

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Nimeiweka mbele kabisa, maana kwenye simu unanirukia na maswali kabla sijaitoa mdomoni, halafu unawaambia watu wa Majimoto kwamba Ulaya imeniharibu, siku hizi sisalimii. Hapa si Ulaya, Dada, ni Marekani, lakini najua jambo hilo halikukoseshi usingizi.

Jumbe zako za sauti zimefika, zote kumi na moja. Ya kwanza niliisikiliza nimesimama, ya pili nikatafuta kiti. Kwamba mpwa wangu Edita amekuonyesha kwenye simu picha za mji huu, polisi wamefunga barabara na watu wanakimbia, na kwamba nirudi nyumbani kwa miguu yangu kabla sijarudishwa ndani ya boksi. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Barua huwezi kuikatiza katikati. Inakuja na mama mmoja wa Sumbawanga tunayesali naye, anakuja likizo, atamkabidhi Edita pale Mpanda mjini.

Kwanza habari zenu. Mgongo unaendeleaje? Shemeji anameza dawa zake za presha au bado anazificha chini ya godoro akidhani huoni? Mpunga mmeshapandikiza? Na wale ng'ombe wa jirani wameacha kulala kwenye majaruba yetu? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto sasa linatabiri baridi kuliko redio. Nina miaka hamsini na mbili, lakini theluji ikianguka nafikisha sabini.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Ile simu niliyosema iliangukia kwenye maji, haikuangukia kwenye maji. Ni miaka miwili iliyopita, alfajiri naenda kazini, nimeshuka kwenye treni, vijana wawili wakaichukua pamoja na koti langu. Hawakuniumiza, isipokuwa heshima yangu. Maana nilipiga yowe, Dada, yowe lile la kwetu hasa, nikasimama nikingoja watu watoke na marungu. Alitoka paka. Akaniangalia, akarudi ndani.

Nilifika kazini na shati tupu kwenye theluji. Unajua nafanya kazi ya udobi katika hospitali moja kubwa. Mashine zinafua, lakini mablanketi na mashuka makubwa tunakunja wenyewe, watu wawili wawili. Ninayekunja naye ni mzee mmoja Mmarekani mweusi, anaitwa Otis, amenizidi miaka kama kumi. Siku hiyo aliniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, hakuuliza kitu. Kesho yake alfajiri gari lake lilikuwa nje ya mlango wangu. Akashusha kioo, akasema, "Panda." Tangu siku ile amekuwa akinipitia. Hajawahi kunidai hata asante. Kwa hiyo ukiomba rozari usiombe nisiibiwe tu, mwombee na Otis, maana ndiye ambaye Mungu alimtumia.

Tuna meza yetu ya chai pale kazini. Mimi, Otis, na mama mmoja anaitwa Dona, mweupe, mnene, sauti yake ukiiweka kwenye mashine ya kukoboa ya shemeji haihitaji dizeli. Hao wawili hubishana kila siku, na ubishi wao una mzunguko. Unaanza na timu ya mji, timu ya mpira wa kikapu. Imefungwa jana, kwa nini? Kwa sababu mwenye timu ni bahili, hanunui wachezaji. Kwa nini hanunui? Kwa sababu meya amembembeleza sana, kamjengea uwanja, kalewa sifa. Basi tukishamfikia meya tumeingia kwenye siasa. Na meya aliyejenga uwanja ndiye hajaweka taa mtaani kwa Dona, kwa hiyo wezi wanaiba magari. Na wezi wanaiba kwa sababu chama cha Otis kinawabembeleza, anasema Dona. La, kwa sababu chama cha Dona kimewanyima kazi, anasema Otis. Na kama vijana wangekuwa na kazi wangejaza uwanja, na uwanja ungejaa, timu ingeshinda. Hapo kengele inalia, tunarudi kwenye mashuka. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilijiona niko pale penu kwenye mashine, watu wanangoja mchele na kugombea timu mbili za Dar ambazo hawajawahi kuziona uwanjani.

Mara moja Dona aliniuliza, "Filbeti, huko kwenu mwizi mnamfanyaje?" Nikamweleza sungusungu, jinsi yowe likipigwa kila nyumba inatoa mtu. Akapiga meza. "Hicho ndicho tunachotaka hapa!" Nikaongeza kwamba asiyetoka anapigwa faini. Otis akasema, "Basi Dona utafilisika. Wewe hata kengele ya moto ililia ukamalizia keki."

Dona akacheka mpaka akatoa machozi. Nami nikajiambia, ahaa, kumbe hawa ni watani. Hakuna maelezo mengine, Dada. Mtu anatukana chama chako, timu yako, kabila lako na keki yako, na wewe unacheka na kumsogezea sukari. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Nikanunua kofia ya timu pinzani, ile inayotufunga kila mwaka, nikawa naivaa makusudi kumchokoza Otis. Aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua itakayopita mikononi mwa mama wa Sumbawanga. Nikajua nimepokelewa.

Hapo ndipo nilipojidanganya.

Otis alikuwa na kaka yake, Reimondi. Wametazama timu hiyo pamoja tangu wakiwa vijana, kwenye makochi yale yale. Miezi mitatu iliyopita Reimondi aliugua, mwezi uliopita akafariki. Mimi na Dona tukaenda kanisani kumzika. Na mimi, mdogo wako, uliyenilea ukanifundisha kunawa mikono na kusalimia wakubwa, nilikwenda na ile kofia mfukoni.

Nilijua kazi yangu. Mtani haendi msibani kulia, wa kulia wapo. Mchungaji aliposema mwenye neno asimame, nikasimama. Nikavaa kofia. Nikasogea mpaka kwenye jeneza, nikakaa kwenye kiti cha mbele, nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza changu hiki cha kuokoteza, "Reimondi amepumzika. Miaka yote hiyo anaitazama timu ile ikifungwa, hata Mungu ameona inatosha. Mimi nimekuja kuchukua kochi lake. Sitoki hapa, na ninyi hamtoki na jeneza, mpaka nipewe."

Nikangoja wacheke.

Dada, nimeshawahi kuharibu mambo. Unakumbuka nilipompigia kampeni diwani mkutanoni nikataja jina la mpinzani wake. Lakini ukimya wa pale kanisani sijawahi kuusikia. Nilisikia feni. Dona akaja akanishika mkono wa shati kama mtu anayemtoa kuku jikoni. Otis aliangalia kofia, akaangalia chini, akatoka nje.

"Lakini nyie ni watani!" nilimwambia Dona kwenye gari.

"Mimi na Otis tunabishana juu ya timu," akasema. "Hatubishani juu ya marehemu."

Kesho yake gari halikuja. Nikaenda kazini kwa treni, nikatembea kile kipande cha giza na funguo mkononi kama vile funguo zingesaidia kitu. Nilimwomba Otis radhi mbele ya mashine. Akasema, "Sawa." Unaijua ile sawa ya kufungia mlango.

Wiki tatu. Na kazi yetu, nimekuambia, ni ya watu wawili. Blanketi kubwa mnashika ncha, mnarudi nyuma, mnalinyoosha, halafu mnatembea kuelekeana mpaka mikono inagusana, unampa ncha zako. Mara mia kwa siku mtu anakujia mpaka usoni, anapokea ncha, anageuka. Afadhali angenitukana. Kwenye chai alihamia meza ya pembeni, akatugeuzia mgongo. Dona naye akakosa wa kubishana naye. Siku moja alianza kukitukana chama chake mwenyewe, apate tu mtu wa kumjibu. Hakuna aliyemjibu.

Ulipotuma zile jumbe, mimi nilikuwa katikati ya wiki hizo. Sikuogopa wezi, Dada. Nilikuwa nawaza kwamba mtu mmoja aliyenifungulia mlango katika mji mzima, nimemtemea mate mlangoni nikidhani naosha. Nilifungua begi nikaanza kukunja nguo. Nakukiria hilo kwa sababu ungelisikia hata nisiposema.

Basi Jumatatu moja timu ilikuwa imefungwa tena, dakika ya mwisho kabisa. Dona yuko mezani, kimya, anakoroga chai isiyo na sukari. Nikamwonea huruma. Nikaona leo na mimi nichangie. Unajua mpira huo sijawahi kuuelewa, wanafunga kila dakika, sasa unashangilia lipi? Lakini nilikuwa nimelifikiria jambo hili sana kwenye treni. Nikasema, "Mimi kocha simwelewi. Yule mchezaji mrefu kuliko wote, kwa nini anakimbia huku na huku? Amwache pale pale chini ya kikapu chetu, kama golikipa. Mpira ukirushwa, anangoja ushuke, ukikaribia kuingia tu, anautoa kwa mkono. Si anafika? Hatufungwi tena mpaka mwisho wa dunia."

Dona akatoa macho. Nyuma yetu kiti kikakwaruza sakafu.

"Hairuhusiwi!" Ni Otis. Amesimama. "Mpira ukishaanza kushuka hakuna kuugusa! Wanahesabu umeingia! Miaka miwili umekaa na mimi hujui hilo?"

"Sasa sheria gani hiyo?" nikasema, maana kweli niliiona ya kijinga. "Kipa anakatazwa kudaka?"

"Hakuna kipa!"

Akavuta kile kikapu kikubwa cha nguo chafu, akakiweka juu ya meza, akaviringisha foronya ikawa mpira. "Simama hapo. Mimi narusha. Hapa, inapanda, gusa. Hapa, inashuka, usiguse. Usiguse, nimesema! Ona, amegusa!" Dona tayari alishaanza kusema kwamba hata meya angeielewa sheria hiyo kwa haraka zaidi, na kwamba kumsema meya ni haki yake, maana aliyeiba taa za mtaa wake ni huyo meya, na Otis akamjibu bila kumwangalia kwamba taa hazikuibwa, hazikuwekwa, kuna tofauti. Watu wa mashine ya tatu walikuja kutazama. Nilidaka foronya nne, zote kinyume cha sheria.

Halafu akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akihema. Akasema, "Reimondi angekupenda kwa ujinga huo." Kidogo akauliza, "Siku ile kanisani, ulikuwa unafanya nini hasa?"

Nikamweleza utani. Na kwa kuwa maneno ya Kiingereza yalikuwa yananiishia, nikamweleza msiba wa baba. Jinsi kaburi lilipokuwa tayari, mtani wetu Mzee Yustini akaruka ndani, akajilaza, akakunja mikono kifuani, akasema kaburi hili linamtosha yeye vizuri zaidi kwa sababu baba hajawahi kumaliza kitu alichoanza, hata kufa atakufa nusu, na hatoki mpaka apewe jogoo. Na jinsi wewe, ambaye siku mbili ulikuwa hujala wala kusema, ulivyocheka. Nikamwambia Otis, hicho kicheko cha dada yangu nimekibeba mpaka huku. Nilitaka nikupe wewe.

Kengele ikalia, hatukuinuka. Otis akaniuliza, "Alicheka kweli? Au aliwachekea nyie, ili muache kumtazama?"

Hilo sikulijua, Dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa namtazama Mzee Yustini.

Kesho yake alfajiri gari lilikuwa nje. "Panda," akasema. "Lakini muulize dada yako."

Kwa hiyo ndilo ninalokuuliza. Na kuhusu kurudi, nitarudi, lakini sirudi kwa kukimbia. Wezi wapo, kama walivyopo wa ng'ombe huko. Ila nina meza, nina watu wawili wanaogombana kwa amani mbele yangu kila siku, na mmoja anajua mlango wangu. Namshukuru Mungu kwa hilo, nakushukuru na wewe uliyeniruhusu kuondoka huku ukisema hutaki.

Msalimie shemeji, mwenye mashine, mwambie vidonge vimezwe, godoro halina presha. Edita mpwa wangu asome, na picha za polisi akuonyeshe moja kwa mwezi, si zaidi. Mama mdogo Veronika, mwimbaji wa sauti ya pili, mwambie hapa kwaya zipo lakini hakuna anayekosea kwa ujasiri kama wake. Salamu kwa katekista wetu pia.

Niandikie ukweli, usinionee huruma. Kama ulicheka, nitamwambia Otis hivyo na atafurahi. Kama hukucheka, basi niwie radhi, Dada. Nilikuwa pembeni yako siku ile, na sikugeuza kichwa nikuangalie.

Mdogo wako,
Filbeti