Neno Lililofutwa Kibaoni

Jumatano. Joto limeninata mwilini tangu asubuhi, na mawingu yamerundikana juu ya milima ya Nandi bila kutoa hata tone. Nimekasirika. Nimejaribu kula, nimejaribu kusoma gazeti, na bado nimekasirika. Kwa hiyo naandika.

Chanzo ni neno moja: wastani.

Kikundi chetu cha waendesha baiskeli hapa Kisumu kina njia yake ya mzunguko. Inaanzia karibu na stesheni ya zamani ya reli, inapita Kibos penye maduka ya kale ya Wahindi, inaingia kwenye miwa hadi Miwani, inafika Ahero penye mashamba ya mpunga, kisha inarudi mjini. Haina kilima cha kutisha. Lakini katikati ya miwa hakuna kivuli, udongo mweusi wa tambarare ya Kano ukilowa hunasa magurudumu, na mchana, unaporudi kutoka Ahero, upepo wa ziwa hukupiga usoni mpaka nyumbani. Kikundi kilipoamua kuweka kibao pale mwanzo wa njia, nilipewa kazi ya kuandika maneno, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu. Niliandika: Njia ya mzunguko, ugumu wa wastani.

Aliyeyapeleka maneno kwa mchoraji ni Felix, mwenyekiti wetu, ambaye hukodisha baiskeli kwa wageni kule Dunga. Kibao kilirudi kikisema: Njia ya mzunguko, rahisi.

Nilimuuliza siku ile ile.

"Mzee, wastani ni ya ripoti fomu," akanijibu akicheka. "Mtu akiona wastani anakumbuka vile alichapwa kwao. Huyo atakodi baiskeli kweli?"

"Wastani ni kati ya rahisi na ngumu, Felix."

"Si ni hivyo hivyo tu, Mzee. Watu wataelewa."

Hivyo hivyo tu. Nimepigana na maneno hayo matatu maisha yangu yote ya kazi. Nililipeleka jambo hilo kikaoni. Wenzangu wakasema Mwalimu amerudi darasani, wakapiga kura, nikashindwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Usenge kwenye mazishi ya binamu yangu. Jirani yangu Okelo, fundi mstaafu wa reli, alikuwa nyumbani. Alikuwa ametoka hospitalini karibuni kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alimwambia afanye mazoezi rahisi. Okelo ni mtu wa kutii. Alitoka na baiskeli yake, akapita pale stesheni, akasoma kwenye kibao neno lile lile alilopewa na daktari, akaingia kwenye miwa peke yake.

Watu wa trekta la miwa walimkuta mbele ya Miwani, amelala kando ya barabara, baiskeli ikiwa juu yake.

Yu hai. Naliandika hilo peke yake kwa sababu jioni ile, niliporudi kutoka Usenge na kuona watu wamejaa langoni kwake, sikudhani hivyo.

Mkewe ni mtu wa Asembo, hana maneno ya kupaka mafuta. "Mwalimu," aliniambia, "mimi sikuolewa na mjinga. Mzee alisoma kile kitu mliandika."

"Sijasema ni mjinga, Mama Tom."

"Basi waambie wenye kibao. Mimi nikienda nitawaambia na Dholuo, na haitakuwa ile ya kanisa."

Leo nilinunua kopo dogo la rangi na brashi, nikaenda. Nililifuta neno "rahisi", nikaandika "ugumu wa wastani", herufi zimenyooka. Mama mmoja anayeuza miwa hapo karibu aliacha kumenya, akasoma kwa sauti.

"Mzee, nani amepata wastani?"

"Ni baiskeli," mteja wake akamjibu. "Imeanguka hesabu."

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Nilisimama na brashi mkononi nikiwaangalia, na nikaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameonywa juu ya lolote. Neno lilikuwa sahihi. Maana yake ilikuwa sahihi. Nalo halikuwa na faida yoyote pale barabarani.

Hilo liliniudhi kuliko Felix.

Nikalifuta. Nikaandika: Njia hii ni ndefu na ina jua kali. Mgonjwa asiende peke yake. Mama wa miwa akasoma tena, na safari hii hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeumia.

Felix alifika kwa pikipiki rangi ikiwa bado mbichi. Mtu alikuwa amempigia simu.

"Mzee, sasa nani atakodi baiskeli na hiyo maneno?"

"Hayo maneno," nikamwambia. "Na ukiyafuta, nitarudi kuyaandika."

Alikitazama kibao, kisha akauliza Okelo anaendeleaje. Tangu Jumamosi hakuwa ameuliza. Nilimwambia nyumba ya Okelo anaijua, aende akaulize huko.

Nilidhani ningerudi nyumbani nimepoa. Nilipitia kwa Okelo kumweleza. Alikuwa ameketi barazani, uso ukielekea tangi la maji. Mwanawe Tom alikuja Jumapili kutoka Nairobi, akaifunga ile baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya tangi, akaondoka na ufunguo. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Okelo sokoni, kanisani, na kwangu.

"Amesema ni kwa ajili yangu," Okelo akaniambia. "Hakuniuliza, Mwalimu. Ameniambia tu."

Daktari hakumkataza baiskeli. Alimwambia afanye mazoezi rahisi; ni sisi tulioiita njia ile jina lisilo lake, na sasa anayeadhibiwa ni yeye.

Mnyororo ule siwezi kuukata. Si baiskeli yangu, na Tom si mwanangu. Yeye pia aliogopa, naelewa. Nikiwa na hasira hivi, bado naelewa. Kesho asubuhi nitampigia simu kabla hajaingia kazini.

Tangu saa moja jioni nimeketi hapa nikitafuta neno la kuanzia simu hiyo, na sijalipata.