Ndoto ya Mahindi Chini ya Draya

Huruma, Eldoret
Jumatano

Mdogo wangu mpendwa Nekoye,

Nakusalimu sana, na naomba barua hii ikukute na nguvu, hata kama moyo umechoka. Sisi hapa tunasukuma tu. Mtoto anaota meno, baba yake Walubengo anachomelea mageti yake kutoka asubuhi, na mimi kope zinashuka hata nikiwa nimesimama. Na nyinyi huko Moiben? Yule ng'ombe wenu alishazaa?

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ulisema simu yako sasa inakaa na Wasike. Jirani yangu Mama Ciru anakuja soko la huko na mitumba. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie huyo mume wako wala mama mkwe.

Uliponipigia kwa simu ya jirani, ulisema mwili wako unafika kileleni usingizini, peke yake, bila mtu kukugusa, na Wasike anakuuliza unalala na nani. Ulisema mama mkwe amefikisha habari kwa pasta, na pasta amesema una pepo, eti mume wa kiroho, na Jumapili utaitwa mbele ya kanisa ukiri kwamba unamwacha. Ulilia mpaka nikakosa neno. Sasa nimelipata.

Nilimuuliza nesi wa kliniki, nikajifanya ni mambo ya rafiki yangu. Hakucheka. Alisema mtu akilala mwili haulali wote, na jambo hilo huwapata wanawake kama linavyowapata wanaume, wala si ugonjwa. Akaongeza kwamba kuna wanaofika hata wakiwa macho, kwa mawazo tu. Nikajiuliza, Wasike alipokuwa kijana shuka zake hazikulowa? Nani alimsimamisha madhabahuni?

Lakini huyo rafiki, Nekoye, hakuwa wewe peke yako. Nilikuwa naulizia na mimi.

Mwezi uliopita nilienda kwa Waithira, msusi wa hapa plotini tunapopanga. Aliniosha nywele, akazifunga virola, akaniketisha chini ya draya ya kuzikausha na kikombe cha chai mkononi, usingizi ukanibeba. Nilizinduliwa na sauti yangu mwenyewe, na wanawake wote wa saluni wakaangua kicheko. Waithira akataka kujua kama huyo niliyekuwa naye ana ndugu, maana yeye bado anatafuta. Na mikono yangu miwili ilikuwa bado imeshika kile kikombe, sikujigusa, na wote waliona. Nilitamani kutoka mbio na vile virola kichwani. Ndipo Mama Wanja, yule mzee wa kanisa letu, akawanyamazisha, akasema yeye yalimwanza baada ya kufiwa na mumewe, na hajawahi kumwona pepo yeyote. Hakuna aliyecheka tena.

Na sikuota mwanamume, dada. Niliota niko kwa mama, nimelala kando ya mahindi yaliyoanikwa, jua linanipiga mgongoni, na hakuna mtu ananiita. Basi.

Nilimwambia Walubengo kabla hajaambiwa na plotini. Aliacha kula, akaniuliza nilimwona nani. Nikamwambia mahindi. Akasema kumbe ameshindwa na gunia moja la mahindi. Kesho yake alimbeba mtoto nje, akaniambia nirudi nilale. Mwambie Wasike alivyofanya Walubengo, au niachie nimwambie mwenyewe.

Ninakuja Jumamosi na mtoto, kwa hivyo niwekee mahali pa kulala. Jumapili tutaketi benchi moja. Ukiitwa, usiinuke. Nitakushika mkono. Kama pasta atasisitiza kwamba lazima mtu asimame, nitasimama mimi, niwaeleze yote kuhusu draya, na mama mkwe wako akiwa mbele pale pale anasikiliza.

Walubengo anakusalimia. Mtoto naye angekusalimia, ila amelala, na mimi nakimbia kulala kabla hajaamka.

Ni mimi dada yako asiyekuonea aibu,
Linah