Kitete cha Kavata

Nairobi, 4 Machi 1974

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Nunguni? Mimi ni mzima, ila miguu tu, maana kutwa nzima napangusa vioo.

Hapa makumbusho ya sanaa ya taifa wameweka kabati la Ukambani. Lina kigoda cha wazee, upinde na mishale. Nikamwuliza bosi, Bwana Kang'ethe, kwani Ukambani hakuna wanawake? Akacheka, akasema basi nilete kitu. Nimefikiria kile kitete cha maziwa kilichopasuka, ambacho marehemu dada Kavata alikishona. Utakitoa?

Binti yako,
Mutindi

Nunguni, 19 Machi

Mwanangu Mutindi,

Salamu nyingi. Kifua kimepoa, lakini ng'ombe ana kiburi siku hizi, ananipiga mateke. Baba yako anakusalimu.

Sasa hebu nieleze. Huko nani atakifukiza moshi maziwa yasiharibike? Watu wanapanda basi kwenda kutazama kibuyu kilichopasuka, kwani kwao hawana? Niliwauliza akina mama wa kanisa, Syombua akasema labda serikali imeishiwa na vyombo. Na wataandika nini juu yake? Kavata hakuacha mtoto, mjukuu wa kuitwa jina lake hayuko. Mshono ule ndio kazi ya mkono wake iliyobaki. Huwa naupapasa nikimaliza kukamua.

Mama yako

Nairobi, 2 Aprili

Mama,

Hujambo? Huyo ng'ombe mfunge miguu.

Hapa vitu havitumiki, vinatazamwa tu. Hata mimi mwanzoni nilishangaa. Mtu anakuja na miwani, anasimama mbele ya kigoda kitupu kama anayemngoja mwenyewe arudi. Kadi itasema "Kibuyu, Wakamba", basi. Nilimwomba bosi aongeze jina la dada, akakataa. Anasema kadi zote ni za kabila, na akianza na jina moja atamaliza lini? Nisamehe kama nimekuumiza. Nilitaka tu watu waone kazi yake.

Mutindi wako

Nunguni, 27 Aprili

Mutindi,

Hatujambo, mvua imenyesha.

Kabila halikushona. Aliyeshona ni Kavata, ameketi hapa mlangoni na uzi wa kusukia viondo na nta ya nyuki, baba yako akimcheka eti chombo kilichokufa hakifufuki. Mwambie bosi wako hivyo.

Kitete nimempa Nzuki, kondakta wa basi, pale kituoni Salama. Bosi akitazame kwa macho yake. Asipoandika jina, kirudi nyumbani upesi.

Mama yako, na leo sicheki

Nairobi, 30 Aprili

Mwaitu,

Salamu kwanza. Mbona hukuniambia? Bosi alikiinua kwa mkono mmoja, nusura kimponyoke. Umekijaza maziwa mpaka shingoni. Nikamweleza kwamba kwetu chombo hakipelekwi kwa watu kikiwa kitupu. Akasema hata kwao ni hivyo hivyo.

Akakizungusha, akapitisha kidole kwenye mshono wote, akakitazama kidole. Kikavu. Na unajua basi la Nzuki linavyoruka. Akaniuliza, "Huyu fundi ni nani?" Nikataja jina, nikalia mbele yake.

Maziwa tumeyanywa wafanyakazi wote. Kadi anaiandika mwenyewe.

Mutindi

Nunguni, 16 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku ng'ombe amezaa, amepunguza kiburi.

Usikasirike. Wiki iliyopita nilikuja Nairobi na akina mama wa kanisa, nikapita kwenu siku yako ya mapumziko, kwa makusudi. Nilitaka kuwa peke yangu naye.

Nilisimama mbele ya kitete mpaka askari wa mlangoni akaniambia nisogee, wengine nao waone. Nikabaki palepale. Akaniuliza mimi ni nani. Unajua tangu tumzike dada yako, hapa hakuna anayeniita kwa jina la kifungua mimba wangu. Wananihurumia, wananiita Mama Mutindi, nami naitika. Lakini nilikuwa na hamu ya lile jina, mwanangu, sikuweza kumwambia mtu.

Nikamjibu, "Mimi ni Mama Kavata."

Akainama, akasoma kadi. Kisha akaenda akaniletea kiti.

Mama yenu