Uji wa Wifi Stela

Jumatano.

Wifi Stela, huna akili! Mwanangu Joeli anapumua kwa mashine, mpira umepita mdomoni mpaka kooni, wewe unamtia kijiko cha uji wa ulezi!

“Mnamshindisha njaa,” eti. Njaa gani? Analishwa kwa mpira wa puani.

Nesi alinieleza. Mapafu yana vijidudu vyake, vimezoeana. Mtu asipoweza kukohoa, vya mdomoni vinateremka na mate, vinatawala, nimonia inaingia. Ndiyo maana wanamsafisha mdomo kila mara.

Naogopa, sikatai. Ila uji ulitolewa upesi, na jioni hii hana homa. Joeli atapona, namjua nilivyomzaa.

Kesho, Stela, uji unywe mwenyewe huko kwako Hasamba. Hapa uje mikono mitupu, uinawe, ndipo umshike.